Ukwapi wa Tairi, Utao wa Mkanda

Iko juu ya kibao kilichopigwa vanishi: sentimita 18 hivi kwa urefu, 6 na kitu kwa upana. Ukiiweka kiganjani, ni nyepesi kama kiberiti. Ni gari la deraya la Marekani la Vita vya Pili vya Dunia, aina ya M3A1, ambalo mbele lina magurudumu kama lori na nyuma linajiburura kama kifaru. Limeundwa kwa plastiki katika kipimo cha 1:35. Aliyeliunda ni fundi umeme asiyependa jina lake litajwe. Alilifanyia kazi miezi saba, usiku, watoto wakishalala. Mimi nimekaa nalo jioni tatu, nikilisoma kama ninavyosoma shairi: fani kwanza, maudhui yatakuja yenyewe.

Mshororo wa shairi la kimapokeo una vipande viwili. Cha mbele ni ukwapi, cha nyuma ni utao, na kinachovishikisha ni kina cha kati. Ukwapi wa gari hili ni lori tupu: boneti ndefu, rejeta iliyojificha nyuma ya vibamba vya chuma, tairi mbili, madigadi. Utao wake ni vita. Mtihani wa kwanza wa mwunda modeli ni kuzifanya nusu hizo zisikike kama mshororo mmoja, na wengi huanguka hapo hapo. Nyuma hupakwa tope mpaka kwenye ukingo, mbele panabaki gari la kupeleka sukari dukani. Mwenzetu huyu amelisikia tatizo. Tairi za mbele amezikata kona kushoto, kidogo tu, na pale zinapogusa kibao amezisugua bapa kwa msasa ili zionekane zimelemewa, maana gari lenyewe lilikuwa na uzito wa tani kama 9. Kisha tope lililorushwa na tairi hizo amelitua juu ya gurudumu la meno linalouzungusha mkanda wa nyuma. Ni doa lenye upana wa ukucha, lakini linaanzia ukwapi na kuishia utao. Ndicho kina chenyewe.

Na ukwapi huo hauko pale kwa urembo. Katika Sd.Kfz. 251 ya Wajerumani, gari la jamii hiyo hiyo, magurudumu ya mbele hayapati nguvu ya injini, yanaelekeza tu. Katika M3 ekseli ya mbele nayo inavuta. Kwa hiyo tope la mbele lina haki ya kuwa zito kama la nyuma, na aliyelipaka hivyo amesoma, hakubahatisha.

Neno minyororo, tunalolitumia kwa magari kama haya, linatupotosha kidogo. Kifaru kina mnyororo kweli, vipande vya chuma vilivyoungwa kwa pini, ambavyo vikipita juu ya magurudumu hulegea kwa uzito wao wenyewe. M3 haina kitu hicho. Ina mkanda wa mpira wenye kamba za waya wa chuma ndani yake, na gurudumu la mwisho nyuma lina springi inayouvuta usilegee. Wajenzi wa vifaru vya plastiki huuchukia mkanda laini unaokuja katika seti za zamani, na wana sababu, kwani unakaza pale chuma kingelegea. Kwenye M3 ila hiyo inageuka kuwa ukweli. Mkanda laini unaigiza mkanda wa mpira, yaani mata ya nakala na mata ya asili ni ndugu wa karibu. Ni nadra sanaa hii kupata bahati ya namna hiyo. Kinachobaki ni aibu moja, pale ncha mbili zinapoungwa. Mkanda halisi hauna kiungo, wa seti unacho. Fundi amekizungusha mpaka chini, kati ya magurudumu madogo, akakizika kwenye tope. Nilikitafuta kwa kioo cha kukuzia hadi nikakipata, nikajuta kukipata.

Mkanda huu una nasaba iliyopita kwetu. Mwasisi wake ni Adolphe Kégresse, Mfaransa aliyekuwa akishughulikia magari ya Tsar Nicholas II. Baada ya mapinduzi ya 1917 alirudi Ufaransa akafanya kazi na André Citroën. Oktoba 1924 magari manane ya namna hiyo yaliondoka Colomb-Béchar, Algeria, yakakata Sahara na misitu ya Kongo. Yalipofika Kampala, msafara ukagawanyika mafungu manne: fungu moja likashika njia ya Mombasa, la pili Dar es Salaam, la tatu Msumbiji, la nne Cape Town. Mwaka 1931 jeshi la Marekani likanunua gari moja la ukoo huo ili kulichunguza, na baada ya majaribio ya miaka kadhaa ikazaliwa M3.

Tugeukie mizani. Kiswahili kina neno moja kwa kitu cha muuza nyama na kitu cha malenga, na hapa yanakutana. Kipimo cha 1:35 ni mizani kweli kweli, sheria ambayo kila silabi lazima iitii. Lakini asili yake si tukufu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitengeneza kifaru cha Panther kinachotembea kwa mota, na ukubwa wake ulichaguliwa ili betri zienee tumboni. Baadaye ndipo walipopiga hesabu wakakuta ni kama 1:35. Leo dunia nzima ya vifaru vidogo inahesabu kwa arudhi iliyotungwa na betri. Sisemi hili kwa dharau. Sina hakika kwamba mizani nyingi za mashairi zilizaliwa kwa heshima zaidi.

Shida ya sheria hii ni kwamba huwezi kuitii yote. Bamba la ubavuni mwa M3 lilikuwa na unene wa milimita 6 na nusu kasoro kidogo. Ligawe kwa 35, unabaki na milimita 0.18, unene wa karatasi ngumu. Plastiki ya kiwandani haiwezi kusimama ikiwa nyembamba hivyo, kwa hiyo ukuta wa seti huwa na milimita moja au zaidi. Irudishe kwenye ukubwa halisi: deraya ya milimita 35! Askari wa mwaka 1943 angeibusu deraya hiyo. Katika kifaru kosa hili halionekani, kwa sababu kifaru kimefunikwa. M3 haina paa. Ukingo wa ukuta wake uko wazi kuzunguka gari zima, na jicho hutua hapo kabla ya pengine popote.

Malenga akizidiwa na mizani ana inkisari, anafupisha neno bila kulivunja. Fundi wetu amefanya vivyo hivyo. Kwa kisu ameupara ukingo upande wa ndani, kwa mshazari, ukuta ukabaki mnene chini na mwembamba juu kabisa, kwenye mdomo. Jicho linaona mdomo, halishuki kuuliza habari za shina. Amedanganya unene wote ili aseme kweli kwenye nusu milimita ya mwisho. Mimi naona huu ndio ustadi wake mkubwa, na picha haiwezi kuuonyesha. Inabidi uinamishe gari kwenye taa, uone mwanga ukipita juu ya ukingo bila kujikwaa.

Sasa skrubu. Mabamba ya M3 hayakuchomelewa, yalifungwa kwa skrubu na bolti kwenye fremu. Kampuni ya International Harvester ilipounda ndugu yake, M5, ilitumia chuma kilichochomelewa, ubavu wake ukawa laini. M3 ina nukta kila mahali, mistari ya vichwa bapa vyenye mfuo wa bisibisi. Hizi ndizo alama zake za uakifishaji. Ukitazama safu moja chini ya mlango wa dereva utaona fundi amechonga mifuo upya kwa ncha ya sindano, na hakuna miwili iliyoelekea upande mmoja. Mmoja umelala, wa pili umesimama, wa tatu umeinama kidogo kulia. Binadamu hukaza skrubu mpaka ikaze, hasimami kuangalia mfuo umeelekea wapi. Nilimuuliza ilimchukua muda gani. "Mwalimu," akasema, "hapo ni ubavu mmoja tu. Ule mwingine nimeugeuzia ukutani." Nikaugeuza. Kweli, ubavu wa pili skrubu zake zimebaki kama zilivyotoka kwenye kalibu. Ni ubeti mzima ambao haukusahihishwa.

Rangi nayo ina uhuru wake. Kijani cha zeituni cha jeshi la Marekani, ukikipaka kama kilivyokuwa kwenye gari lenyewe, kitaonekana cheusi, maana kitu kidogo hukusanya kivuli kuliko kikubwa. Kwa hiyo kimechanganywa na krimu kidogo mpaka kikapauka. Si rangi sahihi, ni rangi inayosikika sahihi. Hii ni tabdila, silabi iliyobadilishwa ili kina kitimie, nami siilalamikii.

Ninachokilalamikia ni chuku. Mtindo wa sasa wa kuzeesha modeli unapendeza kuutazama ukifanyika: unapaka rangi ya kutu, unapuliza spre ya nywele, unapaka kijani juu yake, kisha kwa brashi iliyolowa unakwangua hadi kutu ichungulie. Ni mchezo mtamu na mikono haiachi. Hapa kutu imechungulia mlangoni, ambapo buti za askari hukwangua kila siku, na hapo naikubali. Lakini imechungulia pia ubavuni, kwenye boneti, kwenye rafu za mabomu ya ardhini, hata mahali ambapo hakuna mkono wala buti ifikayo. M3 zilianza kutoka viwandani mwaka 1941, na vita vya Ulaya vilikwisha Mei 1945. Gari la miaka minne halina kutu ya miaka ishirini. Msanii amepata kina kinachomtoka kwa urahisi, akakirudia ubeti hadi ubeti. Mizigo iliyoning'inizwa nje, madumu, mabegi, turubai lililokunjwa, hiyo ni mazida, urefushaji wa neno, inayovumilika, kwa kuwa askari walining'iniza kweli.

Wapo watakaonijibu kwamba uhalisia ni kuhesabu nati, na kutu ni ladha ya mtu. Hao nawakumbusha M3A2. Seti ya Tamiya yenye jina hilo sandukuni imekuwa madukani tangu miaka ya 1970. Gari lenyewe liliidhinishwa mwaka 1943, lakini halikuundwa kwa wingi viwandani. Meza nyingi duniani zina M3A2 iliyopakwa tope la vita ambavyo haikupigana. Nati zake unaweza kuzihesabu zote.

Nimeacha tumbo la gari mpaka mwisho, jambo ambalo mtazamaji hawezi kulifanya, kwani modeli hutazamwa kutoka juu na hii haina paa. Ndani kuna viti vitano kila upande vinavyotazamana, na vitatu mbele. Kila mto wa kiti una mikunjo, na ule wa mwisho karibu na mlango wa nyuma umebonyea kuliko mingine. Jicho linaingia bila kubisha hodi. Ilinichukua jioni ya tatu kuelewa kwa nini furaha hiyo ilinikera. Askari waliopanda M3 waliliita "sanduku la Purple Heart", kwa jina la nishani wanayopewa Wamarekani waliojeruhiwa vitani, na sababu mojawapo ni hiyo hiyo: kombora likipasuka hewani, vipande vilishuka ndani bila kizuizi. Mahali ninaposimama kuisifu kazi hii ndipo kifo chao kilipotokea. Hakuna seti inayoweza kukwepa jambo hilo, liko kwenye umbo. Fundi ameligusa, sijui kwa makusudi au kwa uchovu: viti vyote 13 ni vitupu, hakuweka hata sanamu moja ya mtu.

Nikapiga magoti, nikashusha jicho mpaka usawa wa kibao, kimo cha mtu wa sentimita 5. Viti vikatoweka. Mbele yangu palisimama ukuta wa kijani kilichopauka na safu ya skrubu, kila mfuo na upande wake.