Litungu si zeze wala si pambo la jukwaa

Katika sherehe nyingi za umma Bungoma na Kitale, hutakosa kuliona litungu. Mpigaji huketishwa kando ya jukwaa, akapewa dakika chache kabla ya wageni waheshimiwa kuwasili. Kisha mfawidhi hunyakua maikrofoni na kutushukuru kwa kusikiliza eti 'zeze la kienyeji'. Kauli hiyo fupi ina makosa mawili: la msamiati na la uhakiki.

Tuanze na msamiati. Zeze lina shingo moja na nyuzi chache. Litungu la Wabukusu lina mzinga uliowambwa ngozi, mikono miwili, mti uliokingama juu na nyuzi saba. Ndugu zake ni nyatiti ya Wajaluo, yenye nyuzi nane, na chepkong ya Wakipsigis. Isitoshe, Wabukusu hao hao wana siilili, inayosuguliwa kwa upinde. Sasa ukiziita zote zeze, utawatofautishiaje wanafunzi? Kiswahili kilikopa gitaa na piano bila haya. Hakuna sababu ya kuionea haya litungu, neno la jirani.

Kosa la pili ni zito zaidi. Litungu ni ala ya maneno. Mpigaji huirudia sauti fupi ya nyuzi, ile ile, na juu yake akatandaza nasaba, sifa za marehemu, nasaha na kejeli kwa wazembe. Utamu umo katika jinsi usemi unavyobadilika ilhali nyuzi zimetulia palepale. Wachezaji wa kamabeka nao huujibu mdundo kwa mabega. Ukimkatiza mtu huyu baada ya dakika tatu, umesikia utangulizi tu. Ni kama kusoma beti mbili za Al-Inkishafi, kisha ukadai umeuhakiki utenzi.

Wasomi nao wana lawama. Wengi hunukuu maneno, wakayatafsiri na kuitupa sauti. Kwenye karatasi, kauli inayorudiwa huonekana umaskini wa fikira, kumbe ndiyo bawaba ya wimbo mzima. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba 'Chemirocha', jina lililotokana na la mwanamuziki Mmarekani, Jimmie Rodgers. Maneno yake ni machache mno. Wimbo huo unajadiliwa hadi leo kwa kuwa sauti yenyewe ilihifadhiwa.

Hebu basi tuseme linalowezekana. Makumbusho ya Kitale yalitokana na mkusanyo wa Hugh Stoneham, na umma ukafunguliwa milango mwaka wa 1974. Mahali kama hapo panafaa kuwa na sauti, si vifaa pekee, maana ala iliyotundikwa ukutani haiimbi. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la shughuli za kitamaduni. Bungoma na Trans Nzoia zinaweza kuwarekodi wapigaji wazee, wimbo mzima tangu mwanzo hadi mwisho, jina la kila mmoja likiandikwa na jasho lake likilipwa. Na siku ya sherehe, mgeni mheshimiwa akichelewa, asikatizwe mpigaji kwa ajili yake. Mgeni naye aketi, asikilize.