Anayeandika Mwongozo

Programu huria zikisifiwa, husifiwa walioandika msimbo. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, anafahamika hata kwa watu wasioweza kueleza inafanya kazi gani. Lakini yule aliyeandika ukurasa wa kukuonyesha uanzie wapi na ufanye nini mambo yakikataa, nani anamuulizia jina? Leo nataka kumsifu huyo.

Kazi yake si ya jana. Tarehe 3 Novemba 1971, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs nchini Marekani walitoa toleo la kwanza la mwongozo wa Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta. Kila amri iliwekewa maelezo yake: jina, namna ya kuiandika, kazi yake, na kuelekea mwisho, sehemu ya kutaja kasoro zake zinazojulikana. Sehemu hiyo inanifurahisha kuliko zote. Tangazo la biashara huficha kasoro. Mwongozo wa kweli hukutajia kabla hujaumia.

Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo katika programu huria hufanywa na watu wa kujitolea. Chukua OpenMRS, programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, iliyoanzishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Oktoba 2011 baadhi ya wachangiaji wake walikutana California, wakakaa kitako siku chache na kuandika kitabu kizima cha mwongozo. Zahanati iliyo mbali na waliotengeneza programu haina fundi wa kumpigia simu kila saa. Ina maandishi tu.

Sasa tazama ugumu wa maandishi hayo. Tuseme mwongozo unasema: “Jaza fomu ya mgonjwa mpya, kisha bofya Hifadhi. Kabla ya kufanya hivyo, hakikisha mgonjwa hajasajiliwa.” Hakuna neno la uongo hapo, na sarufi haina dosari. Lakini karani wa mapokezi ana foleni hadi mlangoni. Anasoma kwa jicho moja, mkono uko kwenye kipanya. Akifika sentensi ya pili, mgonjwa ameshakuwa na majalada mawili: moja lina historia ya dawa zake zote, jingine tupu, na daktari huenda akafungua lile tupu. Mwandishi anayejua kazi yake hugeuza mpangilio: “Tafuta jina la mgonjwa. Lisipoonekana, msajili.” Maneno yamepungua, na onyo limetangulia tendo.

Ufundi huo hautaki ufasaha wa jukwaani. Unataka subira ya kufuata kila hatua mwenyewe kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuwekewa programu hiyo, na kuandika unachokiona, si unachodhani kipo. Aliyeitengeneza programu mara nyingi hawezi, kwa sababu ameizoea mno. Hatua anazozipita bila kufikiri hazioni tena. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Aliyeanza kuitumia programu wiki hii bado anakumbuka alipojikwaa. Mwezi ujao atakuwa mwenyeji, na atakuwa amesahau.

Malipo ya kazi hii ni ya ajabu. Toleo jipya likitoka, kitufe kikahamishwa, ukurasa wa jana unageuka kupotosha watu, na mwandishi hurudi kuuandika upya. Na ukurasa ukiwa mzuri, hakuna anayeandika kushukuru. Watu hufuata maelezo, programu inawaka, wanaendelea na shughuli zao. Swali lililokuwa likiulizwa kila wiki halisikiki tena. Kwangu hiyo ni sifa kubwa kuliko makofi.

Kwa hiyo, msomaji, siku programu huria ikikukwamisha kisha ukapata njia, usiifunge kompyuta kwanza. Andika mistari mitatu: ulikwama wapi, ulitumia toleo gani, na nini kilisaidia. Kisha uwatumie wenye mradi. Huhitaji kujua kuandika msimbo, wala kusubiri uwe mtaalamu. Miradi mingi hupokea hata marekebisho ya herufi moja iliyokosewa, na wachangiaji wengi walianzia hapo.