Ufundi wa Kupokea Baiti

Kadi ya mawasiliano ya IBM PC, kompyuta iliyotoka mwaka 1981, ilipokea data kwa chipu ya 8250, yenye nafasi ya kuweka baiti moja tu iliyowasili. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, baiti nyingine huingia baada ya milisekunde moja hivi, na iliyotangulia, kama haijachukuliwa, imepotea. BIOS ilichungulia chipu ilipoombwa tu, kwa hiyo programu iliyokuwa ikishughulika na diski ilirudi ikakuta herufi zimekwenda. Dawa ni katizo, ishara inayomsimamisha prosesa kwa muda: humwachia mgeni abishe hodi mwenyewe.

Maandalizi ni machache: kuhifadhi anwani ya zamani ya katizo, kuweka mpya, kufungua njia kwenye chipu ya 8259 inayopanga makatizo, na kuwasha biti ya OUT2. Jina la biti hiyo halidokezi lolote, lakini bila yake hakuna katizo linalomfikia prosesa.

Kazi ya katizo lenyewe sharti iwe fupi. Haiiti DOS, maana DOS haikubali kuingiwa mara ya pili ikiwa katikati ya kazi. Husoma baiti, huiweka kwenye bafa ya duara, huiarifu 8259 kuwa imemaliza, kisha huondoka. Bafa ikiwa na nafasi 256, kielekezi cha baiti moja kikipita 255 hurudi sifuri chenyewe, bila hesabu yoyote. Katizo husogeza kichwa, yaani mahali pa kuandikia; programu kuu husogeza mkia, mahali pa kusomea. Hakuna anayegusa cha mwenziwe, hivyo hakuna haja ya kufuli. Ni vigumu kupata mpango mwepesi kuushinda huu.

Mtego uko kwenye kuondoka. Katika IBM PC, 8259 huitikia mawimbi yanapopanda tu, si yanapobaki juu. Kazi ikiondoka huku chipu bado ina sababu nyingine ya kuita, waya hubaki juu, hakuna mpando mpya, na mapokezi hunyamaza kabisa. Fundi makini huiuliza 8250 tena na tena mpaka ikiri haina kitu. Mzunguko huohuo ulifaa baadaye kwa 16550A, yenye foleni ya baiti 16.

Programu inapofungwa, anwani ya zamani hurudishwa. Isiporudishwa, baiti inayofuata humpeleka prosesa kwenye kumbukumbu ambayo sasa ina programu nyingine.