Doa la Njano Mlangoni

Nimeiona picha moja jana usiku huko Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, ukutani kwa jamaa waliokuwa wamenialika chakula, na leo sijafanya kazi yoyote ya maana. Mto, mitende miwili, vibanda vitatu vya nyasi, jua linazama. Basi! Imechorwa juu ya kitambaa cha gunia la unga, kama walivyozoea wachoraji wa mji huu miaka ya 1970, na ukisogea karibu unaona nyuzi zikichungulia chini ya rangi.

Lakini mwanga wake, jamani! Unaanza na njano juu ya maji, unapanda kuwa rangi ya chungwa, kisha unafika kwenye ule wekundu ambao wazee wa mji huu wanaukumbuka: uji wa moto wa kiwandani ukimwagwa usiku kwenye mlima mweusi wa mabaki ya shaba. Na mlangoni mwa kibanda cha kati kuna doa la njano, dogo kama punje ya hindi. Moto! Kuna mtu ndani, anasubiri. Nilisimama pale mpaka bukari, ugali wa huku, ikapoa.

Wachoraji wa Ulaya nao wanaipenda nyumba ndogo iliyozungukwa na theluji, dirisha moja likiwaka. Kule baridi ndiyo inayoukoleza moto. Hapa ni umbali. Kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilileta vibarua kutoka Kasai, Luapula na Rwanda, ikawapanga kwenye kambi za nyumba zinazofanana. Kijiji cha pichani hakina jina, na huo ndio ufundi wake: mama mwenye nyumba anasema ni kwa baba yake, Kasai, mumewe anaapa ni Luapula.

Watu wa hapa picha za namna hii waliziita ukumbusho. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa mji huu, aliufikisha ukumbusho mbali kuliko wote: mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi kwa picha zaidi ya 100, akamsimulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian kwa Kiswahili cha huku huku. Namheshimu mno. Hata hivyo, jana ni kijiji hiki, kisicho na askari wala bendera, kilichowafanya wenyeji wangu wawataje bankambo, mababu zao, mmoja mmoja hadi saa tano usiku.

Nimeomba kurudi Jumapili, mchana, dirisha likiwa wazi.