Binego Hangoji Zamu

Ryangombe, mfalme wa imandwa, wale roho wa ibada ya zamani, alikuwa anashindwa kwenye bao. Ndivyo wasimuliavyo huku Rwanda. Mbele yake ameketi Mpumutumucuni, mashimo ya upande wa mfalme yanakauka, na yule mwindaji hodari, mpenda pombe na mpenda wanawake, hana tena kete ya kumwokoa. Mara anatokea kijana asiyealikwa. Anasimama nyuma ya Ryangombe, anatazama ubao, anamwonyesha pa kuanzia. Mpumutumucuni anamkaripia: nani kakuuliza? Kijana habishani. Anamuua palepale. Huyo ndiye Binego, mwana wa Ryangombe, aliyekuja kumtafuta baba.

Aliyekitunga kisa hiki alikuwa fundi. Hakutuambia kwamba Binego ana hasira wala kwamba Ryangombe ni mzembe wa mambo yake. Aliwaweka kwenye bao, mchezo ambao kila mtu anajua mtazamaji anatakiwa kufunga mdomo, kisha akaacha kila mmoja afanye kama alivyo.

Nalitaja hili kwa sababu hapa Gisenyi nako, kama kwingineko, vijana wanapenda kuambiwa tabia zao na miungu ya Wagiriki. Simu inakuuliza maswali machache, kisha inakupa jibu: wewe ni Ares, mwenzako ni Athena. Mtindo huo ulipata nguvu kwa vitabu vya Jean Shinoda Bolen, daktari wa akili wa California, aliyeandika juu ya miungu wa kike mwaka 1984 na wa kiume mwaka 1989. Yeye alifuata mawazo ya Carl Jung, yule Mswisi aliyeshuka Mombasa mwaka 1925 akaenda hadi Mlima Elgon kusikiliza ndoto za watu. Na kabla ya wote hao, watu wa pwani walikuwa na Zuhura na Mirihi zao, na baadaye Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam aliwasomea watu nyota hadi alipofariki mwaka 2011. Sina ugomvi na yeyote kati yao. Ila nyota ukishapewa, umepewa. Ukizaliwa Nge utakufa Nge.

Imandwa hawaendi hivyo. Katika kubandwa, ibada ya zamani ya Rwanda, mtu hakusomewa tabia, alivikwa. Walikutana usiku, wamejipaka udongo mweupe, karibu na umurinzi, mti wa miiba na maua mekundu. Mmoja alikuwa Ryangombe, mwingine Binego, mwingine Kagoro, mwingine Mugasa, kila mmoja na namna yake ya kusema na kutembea. Aliyembeba Binego aliruhusiwa ukali ambao mchana ungemletea kesi. Mwanamke aliyebandwa alihesabiwa mwanamume kwa muda huo. Mtutsi, Mhutu na Mtwa waliingia wote, na aliyekuwa chini mchana angeweza kuwa bwana usiku ule. Mwami wa Rwanda peke yake hakubandwa, kwani mfalme hawezi kuwa chini ya mfalme mwingine. Kulipokucha, udongo ulioshwa na kila mtu alirudi kulima au kuchunga. Kwangu mimi huu ndio umahiri wenyewe: kumpa mtu mpole usiku mmoja wa kuwa Binego, mbele ya watu wanaojua mipaka yake, halafu kumrudisha salama.

Na hawa si miungu wa kupendeza. Ryangombe anakufa kwa ukaidi. Mamaye anaota ndoto mbaya, anamsihi asiende kuwinda, mwishowe anavua mkanda wake na kuulaza mlangoni, maana kuruka mkanda wa mama ni mwiko mkubwa. Ryangombe anauruka. Porini anakutana na mwanamke mwenye mtoto, anayemwomba ngozi ya kumbebea mwanawe. Kwa wanawake Ryangombe hajawahi kujua kukataa. Mwanamke yule anageuka nyati, anampiga pembe, na mwindaji anaishia kwenye umurinzi, mti ambao tangu hapo ni wake. Binego anamuua nyati, lakini baba hafufuki. Masimulizi hutofautiana hapa na pale, ila ule mkanda mlangoni ndio ninaoukumbuka kila mara. Hakuna jaribio la simu lililowahi kuniuliza niliruka mkanda wa nani.

Baada ya kufa, Ryangombe anakaa Karisimbi, mlima wa mita 4,507, pamoja na waliobandwa. Wasiobandwa wanatupwa Nyiragongo. Waliopanga adhabu hiyo hawakuhitaji kueleza moto ukoje, kwa sababu mtu wa Gisenyi anauona usiku mbingu ikiwa nyekundu upande wa Goma, ng'ambo ya mpaka. Volkano hiyo ililipuka tarehe 17 Januari 2002, ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na mara zote mbili watu wa Goma walivuka mpaka kwa maelfu kukimbilia huku.

Majina haya yametembea. Warundi wanaye Kiranga, Wanyamwezi walikuwa na Waswezi wao, na Mugasa wa maji ni ndugu wa Mukasa wa Visiwa vya Ssese. Poseidon angemfaa kwa mazungumzo, ingawa nadhani Mugasa angemwona na kiburi kidogo.

Wamisionari walifika Nyundo, kilomita chache kutoka hapa, mwaka 1901, na kwao Ryangombe alikuwa shetani tu. Ndiyo maana namheshimu sana Aloys Bigirumwami. Mwaka 1952 aliwekwa kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza katika makoloni ya Ubelgiji, na makao yake yakawa Nyundo hiyohiyo. Angeweza kuacha mambo ya imandwa yafe na wazee. Badala yake alikusanya mila, miiko, methali, hadithi na ibada, akaziandika kwa Kinyarwanda, kitabu juu ya kitabu. Kwa askofu wa wakati ule, kukaa na mzee na kunukuu neno kwa neno jinsi ya kumwita Ryangombe ilikuwa kazi ya kujiamini. Kijana anayetaka kumjua Binego vizuri aanzie kwa askofu huyu.