Nani Aliwaambia SATA Inabeba RX 580?

Mlioiona mashine ya kibanda cha gemu pale Lundo ikizima katikati ya GTA V, mchezaji akabaki ameshika maus na deni la dakika zake, hamhitaji kusimuliwa. Maelezo mliyapata palepale: umeme mdogo. Kabla ya 2018, Ruvuma ikiendeshwa kwa majenereta ya dizeli, kabla laini ya Makambako–Songea haijatuunganisha na gridi ya taifa, ningesikiliza. Leo hapana. Mashine ile ni OptiPlex 7010 ya Dell, na pawa saplai yake imeandikwa ubavuni volti 100 hadi 240. Kosa lilifanyika mezani, mchana kweupe, bisibisi mkononi.

Haki ya fundi kwanza: kava la mnara badala ya lile dogo, ram mbili za giga 4 badala ya moja ya 8, SSD. Vizuri.

Sasa kadi ya michoro. RX 580 ya 2017 inakula wati 185 peke yake, na prosesa, Core i5-3470, imepimwa wati 77. Hapo ni 262, hujagusa mazabodi, diski wala feni, na pawa saplai nzima ni ya wati 275. Hata hilo ningelipita, maana si kila sekunde mashine inavuta mpaka mwisho. Kilichonikera ni ule waya.

Pawa saplai ile haina plagi ya pini 8 ambayo kadi inaidai. Dell hawakuisahau, hawakuiweka kwa sababu umeme wa kuilisha haumo. Mdogo wangu fundi alipoikosa, akanunua kiunganishi cha bei ya soda kinachogeuza plagi ya SATA kuwa pini 8, akachomeka, kikaingia, akaamini kazi imekwisha. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5. Piga hesabu: wati 54. Pini 8 halali inapitisha 150. Sloti ya mazabodi hutoa 75 kwa juu kabisa, kwa hiyo kadi ikikasirika inadai wati 110 hivi kutoka kwenye waya uliotengenezwa kulisha diski.

Menyu ilifunguka vizuri, na watu wakapiga makofi. Menyu haina kazi. Gari lilipoingia mjini Los Santos kadi ikavuta, skrini ikawa nyeusi. Plagi ilipochomolewa, plastiki iliyoshika waya wa njano ilikuwa imelegea na kung'aa kama nta, na harufu mnaikumbuka. Waya mwekundu, kwenye plagi hiyohiyo, ulikuwa mzima kabisa. Wa njano ndio wa volti 12. Umeme mdogo hauunguzi upande mmoja wa plagi.

Tangu sarafu ya Ethereum iache kuchimbwa kwa kadi, Septemba 2022, RX 580 za mtumba zimejaa sokoni, na kila anayeuliza anaambiwa giga 8, giga 8. Hakuna anayeambiwa wati. Ndiyo maana siachi kuitaja GTX 750 Ti ya 2014: wati 60, zote kutoka kwenye sloti, hakuna waya. Mashine ngapi za ofisi zilifufuliwa na kadi ile! Ikafuata GTX 1050 Ti ya 2016, giga 4, wati 75, na matoleo mengi hayana plagi ya ziada. Rockstar walipoileta GTA V kwenye kompyuta mwaka 2015, mashine waliyoipendekeza ilikuwa i5-3470, ram giga 8 na GTX 660. Someni tena jina la prosesa. Ni hiyohiyo iliyokuwa kibandani, na 1050 Ti inaipita 660. (GT 1030 msinitajie. Mwaka 2018 Nvidia walitoa ya DDR4 kwa jina lilelile, kasi ya kumbukumbu ikashuka kutoka giga 48 kwa sekunde hadi chini ya 17. Sijawasamehe.)

Na kama roho ilishaipenda RX 580, njia ilikuwa wazi. Mnara wa 7010 unapokea pawa saplai ya kawaida ya ATX yenye pini 24, tofauti na OptiPlex 9020 yenye plagi yake ya peke yake. Wati 500 za kweli, zenye pini 8 yake, zingetosha. Pesa hiyo ilikwenda kwenye feni tatu za taa za rangi.

Wa Kariakoo akiunguza kitu anavuka barabara kununua kingine. Kwetu kifurushi kinapanda basi hadi Songea, kinapita Mbinga, ndipo kiteremke ziwani. Kadi imepona, kwa hiyo agizeni pawa saplai, na ile plagi isirudishwe hata kwa majaribio. Core i7-3770 inaingia soketi hiyohiyo ya 1155, thredi 8, wati zilezile 77, lakini hiyo isubiri usipa ushuke.