Ufundi wa Kuitikia

Kabla hajaniuliza lolote, alihamisha kiti. Mimi nilikuwa nimeshakaa upande wa wananchi, kofia mapajani, meza yenye mafaili na muhuri ikiwa mbele yangu, kama mtu aliyeitwa kujibu shauri. Yule dada wa ustawi wa jamii akainuka, akaizunguka meza, akavuta kiti chake hadi upande wangu na kukiweka mshazari. Hatukutazamana uso kwa uso wala hatukupeana mgongo. Dirisha likawa mbele yetu sote wawili. Ndipo akasema, "Karibu, baba. Kwenu kumeamkaje leo?"

Nikamwambia kwetu Nambis kumeamka na ukungu. Ilikuwa Julai, na anayeijua Mbulu anaijua baridi ya Julai, bodaboda inavyokushusha mjini koti likiwa limelowa kana kwamba umenyeshewa. Tukazungumza habari za baridi na maharage ambayo bado hayajapigwa. Nilidhani tunapoteza muda. Leo nikikumbuka, naona alikuwa akifanya anavyofanya seremala anapopitisha kiganja juu ya ubao kabla ya kushika randa, ajue nyuzi zake zimelalia upande gani.

Kilichonipeleka kwake ni mwanangu wa kiume, miaka 15, kidato cha pili. Alikuwa ameacha kunisemesha. Shuleni anakwenda siku mbili, ya tatu anaonekana kijiweni kwa waendesha bodaboda. Jioni anarudi ng'ombe wameshafungwa zizini, anakula kimya, analala. Niliuliza, nikafoka, nikapiga. Usiku mmoja nilimpiga mpaka mama yake akaja kusimama katikati yetu, na namna alivyonitazama ikanijulisha kwamba limenishinda. Najua siko peke yangu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu watoto watatu katika kila wanne nchini hupigwa au kuumizwa mwili kabla ya kufikisha miaka 18. Lakini kuwa wengi hakumpunguzii mtoto wangu alama ya fimbo mgongoni.

Wa kwanza niliyemwendea alikuwa mtu wa heshima zake. Alinisikiliza dakika tano, kisha kwa saa nzima akanieleza jinsi watoto wa zamani walivyokuwa na adabu. Nilitoka na maneno mengi. Nyumbani nikamkuta mtoto ni yuleyule, na baba ni yuleyule.

Kumpata mwingine kulinichukua miezi, kwa sababu huku kwetu ukisema unatafuta msaada wa mambo ya moyoni, jirani anasikia Mirembe. Hospitali hiyo ya Dodoma inatibu watu tangu 1927, ila vinywani mwetu jina lake limegeuzwa tusi. Kilichonifumbua macho ni maafa ya Hanang. Jumapili ya 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang, vikafunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Miongoni mwa waliokwenda kusaidia walikuwamo maafisa ustawi wa jamii, ambao kazi yao ilikuwa kukaa na waliofiwa. Nilijiuliza: kumbe kukaa na mtu ni kazi inayosomewa? Inasomewa. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ipo Dar es Salaam tangu 1973. Halmashauri zina maafisa hao. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza 1955 hukuhuku Mbulu, inahudumia pia wagonjwa wa afya ya akili. Na namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure, hata na mzazi aliyekwama. Watu wa kazi hii ni wachache kwa nchi kubwa hivi, lakini wapo. Mimi wangu nilielekezwa na ofisi ya kata.

Baada ya habari za maharage, aliniwekea mpaka. "Utakayosema yatabaki hapa, baba, isipokuwa jambo moja. Nikiona mtoto yuko hatarini, sitanyamaza, na wewe utakuwa wa kwanza kuambiwa." Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa. Angeweza kulifunika hilo mpaka nimwage yote. Hakulifunika. Na mimi nilipojua ukuta uko wapi, nikaweza kuuegemea.

Kisha akaniuliza habari za usiku ule mmoja tu. Nilitaka kuanzia mbali, tabia za mtoto tangu darasa la tano. Kila nikitoka nje ya usiku ule alinirudisha taratibu. Na katika saa nzima hakutamka "kwa nini" hata mara moja. Hilo nililigundua njiani, nikiyarudia mazungumzo kichwani. Mwenye kosa akiulizwa kwa nini hujitetea, nami utetezi nilikuwa nao gunia zima. Yeye aliuliza wapi, saa ngapi, nani alisimama upande gani.

"Fimbo ilikuwa wapi?"

"Zizini. Nilikuwa nimeiegemeza mlangoni."

"Na kijana?"

"Ndani, karibu na meza."

"Kwa hiyo ulitoka, ukaenda zizini, ukarudi."

"Ndiyo."

"Ukamkuta wapi?"

"Palepale."

Akanyamaza. Nje ilipita pikipiki, mtu akacheka kwenye korido, mlango ukafungwa. Nilingoja anisaidie, naye alikuwa ametulia kama mvuvi ambaye ameona uzi umetikisika na hataki kuuvuta mapema. Mwishowe nikasema mwenyewe, "Angeweza kukimbia."

"Mm."

"Mlango ulikuwa wazi. Hakukimbia."

"Mm."

"Alikuwa ananingoja." Nikalia, mtu mzima mwenye mvi, kofia ikiwa bado mapajani.

Sisi Wairaqw tuna slufay, ile dua ndefu ya baraka ambayo mzee huisema mbele ya watu, maneno yakitiririka kwa mafumbo, na waliokusanyika wakimwitikia. Mwitikiaji hana maneno mengi, lakini bila yeye hakuna slufay, kama ambavyo hadithi ya Kiswahili haiondoki mpaka paukwa ipate pakawa. Tangu utoto nilidhani ufundi wote uko kwa msemaji. Katika ofisi ile ndipo nilipoanza kumwangalia anayeitikia. "Mm" yake ya kwanza ilinifungulia mlango. Ya pili ilikuwa ya chini zaidi, ikanisindikiza ndani. Angeitikia kwa sauti kubwa kidogo ningedhani ananihukumu, angechelewa ningedhani hasikii. Dada yule ni wa mkoa mwingine, Kiiraqw hakijui. Kiswahili kiliponiishia nikadondokea lugha ya mama, aliniacha nimalize sentensi nzima, kisha akauliza, "Hilo neno, baba, kwenu lina uzito gani?" Katika kumweleza uzito wake, na mimi nikaupima kwa mara ya kwanza.

Aliponiona nimetulia, alinirudishia maneno yangu mwenyewe yakiwa yamepangwa upya. "Nasikia kwamba saa mbili usiku ikifika hajarudi, kuna kitu kinakushika kabla hasira haijaja." Kilikuwapo. Nilimzika mtoto wa kaka yangu, aliyekufa kwa pikipiki. "Kijana wako anajua kwamba hilo ndilo unaloogopa?" Hakujua. Alikuwa anaijua fimbo tu.

Mafundi wa namna hii nimekuja kusikia habari zao kwingine pia. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, akawafundisha kukaa na wenye dhiki kwenye mabenchi ya kliniki. Kishona kina neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na hatua za kazi yao zinaitwa kwa lugha hiyohiyo: kufungua mawazo, kumwinua mtu, kumwimarisha. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba, baada ya miezi 6, waliokaa na wahudumu hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wazo hilo limefika hadi Zanzibar. Huku Tanzania Bara, programu ya Furaha Teens imefika kwa zaidi ya familia 30,000 katika wilaya 8, mzazi na kijana wake wakihudhuria vikao 14, wakiigiza ugomvi wa nyumbani na kurudi na zoezi dogo la wiki.

Nami nilipewa zoezi. Dakika 10 kila siku na kijana, kazi achague yeye, na habari za shule nisiziguse. Nilimwambia dada yule kwamba hilo ni dogo mno. Akacheka kidogo. "Lifanye, baba, halafu uniambie ukubwa wake." Sasa naelewa alivyolipima. Angenipa kubwa, ningeshindwa siku ya pili na kurudi zizini. Lile dogo lilinishughulisha wiki nzima, kwani dakika ya kwanza tu ulimi ulikuwa unaniwasha.

Nimekwenda kwake mara tano. Hajaniambia hata siku moja nifanye nini na maisha ya mwanangu. Kila nikitoka, kuna swali ninalorudi nalo Nambis, na njia nzima tunakwenda nalo. Mzazi anayetafuta msaada akiniuliza atamtambuaje fundi, nitamwambia aangalie anavyonyamaza. Ukimaliza kusema naye akawa ameshaandaa jibu, ondoka kwa heshima, utafute mwingine.

Wiki ya tatu ya zoezi, kijana alichagua tupukuchue mahindi. Tulikaa kwenye turubai, taa katikati yetu, magunzi yakirundikana. Dakika 10 zilikuwa zimeshapita zamani na hakuna aliyeinuka. Bila kuinua uso akasema, "Baba, leo pikipiki ya jamaa mmoja imekata cheni kule kilimani."

Mwili mzima ulitaka kuuliza alifuata nini kilimani saa za masomo. Nikalipukuchua gunzi langu mpaka punje ya mwisho.

"Mm," nikaitikia.

Akaendelea.